Harufu ya petroli inayokuja tangi likijaa: nianzie wapi kutafuta?

Baba wa Mbezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wenu kuhusu gari letu la familia, ambalo ni la viti saba, la mwaka 2008, lenye injini ya petroli ya lita 2.4, nililolinunua likiwa limetumika Japani na ambalo sasa limetembea kilomita 168,000. Kwa miezi mitatu hivi limekuwa likinuka petroli ndani, na kinachonitatiza zaidi ni kwamba harufu yenyewe haitabiriki: kuna wiki inakuja, kuna wiki inapotea kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Aliyeigundua kwanza ni mke wangu. Mimi ninayeliendesha kila siku nilikuwa nimekwisha kuizoea, na nilibishana naye mpaka siku mwanetu wa darasa la tatu, anayekaa kiti cha katikati upande wa kulia, aliposhuka shuleni akilalamika kuwa kichwa kinamuuma. Tangu hapo nimekuwa nikiandika kwenye daftari kila ninapoisikia. Nikijaza tangi, harufu huwa kali kwa siku mbili tatu; mshale ukifika nusu hupungua; ukikaribia robo hakuna kitu. Mwezi uliopita tulisafiri kwenda Iringa, nikajaza mafuta Mikumi, na tulipoanza kupanda Kitonga ilitubidi tufungue vioo vyote. Tulipomaliza mlima ikatulia.

Hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi, hakuna tone lililoonekana sakafuni ninapoegesha, na ulaji wa mafuta haujabadilika. Nimepita gereji mbili. Ya kwanza walisema nozeli zote nne, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, zibadilishwe, ya pili walisema ni kanista ya mkaa, ile inayonasa mvuke wa tangi, na hakuna hata mmoja aliyeinua kiti au kuingia chini ya gari kabla ya kunitajia bei. Niongeze tu kwamba pampu ya mafuta ilibadilishwa kama miezi minne iliyopita, gari lilipozimika njiani, na kazi hiyo ilifanyika katika gereji ya mtaani. Je, nianzie wapi, na je, ni salama kuendelea kuwapeleka watoto shule wakati natafuta?

Fundi wa Tangi

Ndugu Baba wa Mbezi, nianze na swali lako la mwisho. Usiwapakie watoto katika gari hilo mpaka chanzo kijulikane. Pua ya binadamu huisikia petroli ikiwa kidogo sana hewani, muda mrefu kabla mvuke haujafikia kiwango cha kuwaka, ambacho ni kama asilimia 1.4 ya hewa, kwa hiyo harufu peke yake haina maana kwamba gari litalipuka leo. Lakini mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutuama chini penye zulia, nyaya za umeme na miguu ya watoto, na ndani yake mna benzini, ambayo Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Ikikulazimu kulitumia, liache tangi lishuke chini ya nusu, fungua vioo, na asivute mtu sigara ndani yake.

Sasa tuje kwenye gari. Umeandika mambo mengi mazuri, ila jibu lenyewe umelichomeka mwishoni kama nyongeza: pampu ilibadilishwa miezi minne iliyopita, na harufu ina miezi mitatu. Katika gari la aina hiyo pampu hukaa ndani ya tangi, na hushushwa kupitia tundu la duara lililo juu ya tangi, mara nyingi chini ya kiti cha katikati. Kati ya mdomo wa tundu hilo na kichwa cha pampu kuna sili ya mpira. Mafuta yakiwa chini, juu ya tangi hubaki mvuke tu, nao una njia yake ya kwenda kwenye kanista. Tangi likijaa, mafuta hukaribia kuigusa sili, na gari likipanda mlima mafuta yote huegemea nyuma, kwa hiyo kama tundu liko upande huo, sili huoga petroli safari nzima. Kitonga imekupimia gari lako vizuri kuliko gereji zote mbili.

Nozeli zisingekuwa na tabia hiyo. Reli ya nozeli hupokea mafuta yenye presha ya pauni 40 hadi 50 kwa inchi ya mraba, na presha hiyo ni ileile tangi likiwa limejaa au likiwa robo. Nozeli ikivuja ingenuka siku zote, na ingenuka zaidi chini ya boneti kuliko kwenye kiti cha mwanao. Ungeweza pia kuipata kwenye oili, kwa kuchomoa kijiti cha kupimia na kukinusa, kwa sababu nozeli inayodondosha hupeleka petroli kwenye silinda nayo huteremka hadi kwenye oili, na kiwango cha oili huonekana kupanda badala ya kushuka.

Kwa hiyo anza hivi. Subiri tangi lijae tena, kwa maana likiwa tupu hutaona kitu. Egesha gari nje, mahali pa wazi, lipoe kabisa, kisha inua kiti cha katikati na ukunje zulia. Utakuta kifuniko cha bati kilichobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Kibandue taratibu bila kukikunja. Tumia tochi ndogo ya betri, usitumie balbu ya waya, na usiguse plagi ya pampu kwa sasa. Angalia vumbi. Juu ya tangi la gari la miaka mingi huwa na tabaka la vumbi, na petroli inapopita juu yake huliacha na rangi nyeusi yenye ukingo unaoonekana wazi. Kama vumbi ni kavu na la rangi moja pande zote, nitakuwa nimekosea, na tutaendelea na shingo ya kujazia.

Mzee wa Sheli

Samahani kwa kuingilia, lakini kabla ya kubandua vifuniko ninaomba kuuliza maswali mawili ya kizamani. La kwanza, hakuna dumu la petroli ya jenereta lililowahi kukaa kwenye buti? Nimewahi kumwona mtu akifunguliwa gari siku mbili, na chanzo kikawa dumu la lita 5 lililomwagika wakati wa mgao wa umeme, likalowesha sponji iliyo chini ya zulia. La pili, unajazaje tangi?

Ninauliza hivyo kwa sababu kila Jumanne inayotangulia Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta Tanzania, wanapokaribia kutangaza bei mpya, ninaona foleni ya watu wanaotaka tangi lijazwe mpaka mdomoni. Mkono wa pampu unajikata wenyewe, mteja anasema ongeza, unajikata tena, anasema tikisa gari uongeze. Mafuta hayo ya ziada huingia kwenye mrija wa mvuke na kwenda kwenye kanista, ambayo imejazwa mkaa wa kunyonya mvuke na si kunywa petroli ya maji. Mkaa ukishalowa, mvuke unaosukumwa nje ya tangi hauna pa kukaa. Ukiweka lita 40, umesukuma lita 40 za hewa iliyojaa mvuke, na zote hizo sharti zipite mahali.

Baba wa Mbezi

Shikamoo Mzee wa Sheli. Dumu halijawahi kuingia katika gari hili. Kuhusu kujaza, ninakiri kwamba mimi ni mmoja wa watu wa Jumanne.

Dereva wa Nakuru

Mimi niko upande wa Kenya, na ningependa kumtahadharisha mwenzetu asije akafunga akili yake kwenye pampu pekee. Gari langu la aina hiyohiyo lilinisumbua mwaka jana, na mafundi wawili wa jua kali walishusha tangi zima kabla ya kugundua kwamba tatizo lilikuwa chini ya boneti.

Harufu yangu ilikuja alfajiri tu. Nakuru mwezi wa saba asubuhi huwa na baridi kali, na nilipowasha gari harufu ilijaa ndani kwa dakika tano hivi, kisha ikaisha injini ilipopata joto. Siku moja, kwa bahati tu, nilibonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje, na harufu ikakatika. Nilipokirudisha, ikarudi. Feni ya ndani huvuta hewa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, mgongoni mwa boneti, kwa hiyo chochote kinachovuja kwenye injini huletwa moja kwa moja usoni mwa dereva. Oringi mbili za nozeli, yaani pete zake za mpira, zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama plastiki: kwenye baridi zilisinyaa na kuachia, kwenye joto zilivimba na kuziba. Oringi zote nne kwa pamoja ziligharimu kidogo kuliko nauli yangu ya kuzifuata. Nozeli zenyewe hazikuwa na kosa lolote.

Fundi wa Tangi

Ndugu wa Nakuru, nakushukuru, na hilo la kitufe cha hewa ningependa kila mtu alijaribu kabla ya kwenda gereji. Ila tazama tofauti: harufu yako ilifuata joto la injini, ya mwenzetu inafuata mshale wa mafuta. Yako ilimpiga dereva kwanza, yake inampiga mtoto wa kiti cha katikati. Ndiyo maana sitaki kusikia neno nozeli mpaka vumbi lionekane.

Kuhusu kanista, Mzee wa Sheli yuko sahihi, na inawezekana gari hili lina matatizo mawili kwa pamoja. Lakini kanista mara nyingi hukaa nje, chini ya sakafu au karibu na gurudumu la nyuma, na ikilowa utaisikia zaidi ukiwa umesimama nje ya gari. Asitegemee taa ya dashibodi kumwambia lolote. Magari ya soko la Marekani yamekuwa yakijipima yenyewe uvujaji wa mvuke tangu miaka ya 1990, na hutoa kodi za hitilafu kama P0442 kwa tundu dogo au P0455 kwa tundu kubwa; mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani yenyewe hayana kipimo hicho, kwa hiyo mashine ya gereji itasema gari ni zima huku watoto wakiumwa vichwa.

Baba wa Mbezi

Ndugu zangu, nimefungua jana jioni. Nilijaza tangi Ijumaa, nikaliacha gari uani usiku kucha, na nilipokunja zulia harufu ilinifikia hata kabla sijagusa kifuniko. Gundi nyeusi ilikuwa imekatwa kwa kisu upande mmoja na haikurudishwa, kwa hiyo bati lilikuwa limekaa juu kama sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

Chini yake nimeona kile alichokieleza Fundi. Vumbi ni la kahawia, kavu, isipokuwa upande wa nyuma kuelekea kulia, ambako kuna doa jeusi lenye umbo la mwezi mchanga, kama upana wa viganja viwili, na katikati yake palikuwa na unyevu uliong'aa kwenye tochi. Nilipofuta kwa kitambaa cheupe kilitoka na rangi ya njano na petroli ya dhahiri. Kuzunguka kichwa cha pampu kuna silikoni ya bluu iliyopakwa kwa kidole, nayo upande huo imelainika kama jibini na inabanduka yenyewe. Pampu imefungwa kwa boliti nane, na mbili kati ya hizo, zote za upande wa doa, ziligeuka kwa vidole vyangu.

Nimempigia simu fundi aliyefanya kazi ile. Amekubali kurudia bila malipo, ila anasema atafungua, atageuza sili ileile upande wa pili na kuongeza silikoni. Je, nimruhusu?

Fundi wa Tangi

Usimruhusu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mpira wa sili hunyonya petroli na kuvimba, na ukishatolewa hunyooka ukawa mkubwa kuliko mfereji wake; ukiulazimisha kurudi, unajikunja mahali fulani, na penye mkunjo ndipo mafuta yanapopita. Fundi aliuona unagoma kuingia, akaamua kuusaidia kwa silikoni. Silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Itakaa wiki chache, italainika, na vipande vyake vikiangukia ndani vitafika kwenye chujio la pampu mpya uliyoilipia. Nadhani ule mwezi mmoja kati ya kazi na harufu ya kwanza ndio umri wa silikoni hiyo.

Nunua sili mpya ya gari lako kwa namba ya chesisi, usikubali ya kukadiriwa kwa macho. Kazi ifanyike tangi likiwa chini ya robo, nje, mbali na jiko la mama lishe na mbali na mtu anayechomelea. Kwanza atoe presha: achomoe fyuzi ya pampu injini ikiwa inanguruma, aiache izime yenyewe, ajaribu kuwasha mara mbili, kisha afungue terminali hasi ya betri. Aguse bodi ya gari kwa mkono mtupu kabla ya kugusa tangi, ili umeme tuli ushuke. Kile kizima moto tunachobeba kwa ajili ya trafiki kitolewe chini ya kiti kiwekwe karibu, na uangalie kama mshale wake uko kwenye kijani.

Kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa, vumbi lote lifagiliwe kwa brashi na kufutwa kwa kitambaa, la sivyo litaingia ndani. Mfereji wa sili usafishwe kwa kitambaa na ukucha wa plastiki, si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja unatosha kuharibu kazi nzima. Sili ikae yenyewe kwenye mfereji bila kusukumwa. Boliti zifungwe kwa kuvuka, ya kwanza kisha inayotazamana nayo, mizunguko mitatu ya kuongeza kidogo kidogo. Anayekaza moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine hunyanyua upande wa pili wa kichwa cha pampu, na boliti zako mbili zilizolegea zinanifanya niamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ikiisha, arudishe fyuzi na betri, afungue swichi mara mbili tatu bila kuwasha ili pampu ipandishe presha, kisha apake poda ya mtoto kuzunguka sili na kwenye maungio ya mirija. Poda ikilowa hubadilika rangi papo hapo, hata kwa kiasi ambacho jicho lisingekiona kwenye bati.

Mama Watatu, Arusha

Shemeji Baba wa Mbezi, ninaongeza la upande wetu tunaokaa nyuma na watoto. Baada ya matengenezo kama hayo gari letu liliendelea kunuka kwa karibu wiki mbili, na mume wangu akakata tamaa akidhani fundi amemdanganya. Kumbe lilikuwa zulia. Sponji iliyo chini yake hunyonya mvuke miezi mingi na kuutoa taratibu, hasa gari likichomwa na jua la mchana.

Liondoe zulia la katikati kabisa, ulianike nje juani siku tatu, na sakafu uiache wazi. Tafadhali usinyunyizie manukato. Tulifanya hivyo, na kwa siku kadhaa hatukujua kama tunanusa limau au petroli, na kama kungekuwa na uvujaji mpya tusingeujua. Halafu usiiamini pua yako mwenyewe. Funga vioo usiku kucha, asubuhi mwite mtu ambaye hajapanda gari hilo afungue mlango wa nyuma ndiye akuambie.

Baba wa Mbezi

Ninarudisha majibu baada ya siku kumi na mbili. Sili mpya imewekwa na fundi mwingine, mimi nikiwa nimesimama pembeni na kizima moto, ambacho mshale wake, kwa taarifa yenu, ulikuwa kwenye nyekundu, ikabidi tusubiri kikajazwe kwanza. Sili ya zamani tuliiweka kando ya mpya juu ya gazeti: ilikuwa kubwa kwa upana wa kidole gumba, na upande mmoja ilikuwa na mkunjo uliopondwa bapa. Poda ilibaki nyeupe.

Zulia lilikaa uani siku nne. Ijumaa nilijaza tangi, na nilimwambia muuza mafuta aache mkono ulipojikata, jambo lililomshangaza kwa sababu ananifahamu. Jumamosi asubuhi nilimwomba jirani afungue mlango wa nyuma. Alisema ananusa mpira wa viatu, nikakuta kweli kuna viatu vya shule chini ya kiti. Jioni nilipanda kutoka Africana hadi Goba kwa makusudi, kwenda na kurudi mara tatu, vioo vimefungwa, mke wangu akiwa amekaa kiti kile cha kulia. Hakusikia kitu ndani.

Ninachokisikia bado ni harufu hafifu nje, karibu na gurudumu la nyuma, dakika chache baada ya kujaza. Fundi, je, hiyo ndiyo kanista?

Fundi wa Tangi

Inaelekea ni yenyewe, kwa ajili ya Jumanne zako. Kama mkaa haujaharibika, injini ikiwa na joto huvuta mvuke huo kupitia vali na kuuchoma, kwa hiyo safari ndefu chache na tangi lisilozidishwa zinaweza kuikausha. Ipe mwezi mmoja. Ikiendelea, chomoa mrija wa chini wa kanista: ukitoka petroli ya maji au chembe nyeusi za mkaa, hapo ibadilishwe, na mrija unaokwenda kwenye vali upulizwe kwanza, maana chembe hizo huikwamisha vali ikabaki wazi.